Mkono wa Kulia wa Fundi

Fundi alikutazama miguu kabla hajatazama pikipiki yako. Ukiingia gerejini kwake na raba za kitambaa, alikugeuzia mgongo akaendelea na kazi mpaka uulize umekosa nini.

"Kosa liko miguuni," alisema bila kuinua kichwa. "Lami haijui kama raba zako ni za fasheni. Itakula raba, itakula soksi, halafu ikufikie wewe."

Watu wazima na ndevu zao walirudi nyumbani kuvaa buti.

Gereji yake ilikuwa Peckham, kusini mwa London, ndani ya tao moja la reli, kati ya duka la samaki wakavu na kanisa dogo lililopiga ngoma kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Treni ilipopita juu, spana zilizotundikwa ukutani zilitikisika na Fundi alinyamaza hadi ipite, kisha akaendelea na sentensi palepale alipoiachia. Wateja wake hawakuwa watu wa kujionyesha na mapikipiki makubwa. Tulikuwa wapeleka chakula, walinzi, wauguzi na wahudumu wa wazee. Wengi wetu hatukuzipenda pikipiki. Tulizipanda kwa sababu basi lilikuwa limetushinda.

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina. Wakenya walisema ni Mtanzania wa Arusha, sisi Watanzania tukasema ni Mkenya wa Nakuru, naye akatuacha na ubishi wetu. Ukimuuliza kwao wapi, alikuuliza mara ya mwisho ulipima upepo wa matairi lini.

Nilimjua mwaka ambao nilikuwa nachelewa kila siku. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwapa dawa zao. Ratiba ilinipa nusu saa kila nyumba, na dakika za njiani hazikuwamo. Kulikuwa na bibi mmoja mtaa wa Nunhead aliyenisubiri kila asubuhi juu ya shuka iliyolowa, na kila asubuhi nilimwomba radhi kwa makosa ya basi. Mwishowe nikanunua pikipiki ya injini ndogo, nikafanya mafunzo ya siku moja, nikabandika kile kibao chekundu cha mwanafunzi, nikaingia barabarani. Wiki ya pili nilianguka mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu. Hakuna aliyenigonga. Niliteleza mwenyewe. Mama mmoja Mkenya aliyenisaidia kuinuka ndiye aliyenielekeza kwenye lile tao.

Fundi hakuniuliza kama nimeumia.

"Ulishika breki gani?"

"Ya mbele."

"Juu ya nini?"

Nikafikiri. "Kulikuwa na kile kifuniko cha mtaro. Cha chuma."

"Kimelowa?"

"Kilikuwa kimelowa."

"Basi hukuanguka, mama. Ulijiangusha. Keti unywe chai, nikwambie."

Chai yake ilikuwa ya tangawizi, kali mpaka machozi. Aliniambia kwamba mvua ikinyesha London, vifuniko vya chuma, mistari myeupe ya barabarani na majani yaliyooza yanakuwa sabuni, na kwamba juu ya sabuni hushiki breki wala hukati kona. Unanyoosha pikipiki, unatulia, unapita. Lami ilipokauka aliniweka uani nyuma ya matao, nikaendesha na kusimama, nikaendesha na kusimama, mpaka vidole vikajifunza kubana breki polepole kama mtu anayekamua ndimu.

Mengi anayojua mkono wangu barabarani ni yake. "Indiketa ni maneno, tairi ni vitendo," alisema, akimaanisha kwamba gari likitaka kukukatiza, usitazame taa yake inayowaka, tazama tairi la mbele limeelekea wapi. Kuhusu malori alisema: "Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, kwake yeye bado hujazaliwa." Alinikataza kujipenyeza ubavuni mwa lori kwenye taa za barabarani hata kama nafasi inapitisha ng'ombe. Alituimbisha vitu vitano vya kukagua kabla ya kutoka asubuhi, tairi, breki, cheni, taa, oili, na alikuwa anaweza kukusimamisha mlangoni akakuuliza kipi umekagua. Cheni ilegee kiasi gani? Vidole viwili. Vya nani? Vyako, si vyangu, mimi sipandi.

Nilipomlalamikia kwamba nikienda kwa mwendo wake bibi wa Nunhead atachelewa kuogeshwa, alifuta mikono kwa kitambaa.

"Ukichelewa, bibi atalowa dakika kumi. Ukifa, atalowa mpaka jioni."

Ndivyo alivyokuwa akifariji watu.

Kulikuwa na methali moja ambayo haikuruhusiwa kutamkwa chini ya tao lile. Mtu akisema ajali haina kinga, Fundi aliweka spana chini. "Nani amekwambia haina? Kinga yake si hii hapa?" Alikuwa na ndoo ya pedi za breki zilizoisha mpaka chuma, alizozitoa kwenye pikipiki za watu waliokuwa wakizipanda vilevile. Alikushikisha moja. "Mwenye hii alikuwa na watoto wawili nyumbani na chuma kitupu kwenye gurudumu la mbele. Angekufa, wangesema Mungu amempenda zaidi. Mungu hana haja na uzembe wenu." Mchungaji wa kanisa la jirani aliwahi kumwambia kwamba maneno hayo yanakaribia kufuru. Fundi akamwomba ampeleke akaone matairi ya basi dogo la kanisa. Walirudi mchungaji akiwa kimya, na Jumapili ile waumini walikuja kwa miguu.

Yeye mwenyewe hakupanda pikipiki. Alizijaribu kwa kuziwasha na kuzizungusha uani kwa mwendo wa konokono, basi. Alikuja kazini kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Vijana walimcheka. Nilipomuuliza alijibu waziwazi: "Naogopa. Nimefungua pikipiki nyingi zilizoletwa bila wenyewe."

Alikuwa mkali kiasi cha kuficha ufunguo wa mteja mwenye tairi kipara. Nilimwona mlinzi mmoja, mtu wa miraba minne, akimfokea kwamba atafukuzwa kazi asipofika kwa wakati. Fundi alitoa kadi yake mwenyewe ya basi akamkabidhi, na Fundi akarudi kwake kwa miguu siku ile. Lakini alikuwa pia na upole wa ajabu wa simu. Asubuhi za baridi kali alitutumia sote ujumbe wa sauti, kabla hatujaamka vizuri: "Jamani, leo kuna barafu nyembamba ile isiyoonekana. Acheni pikipiki. Pandeni basi, gombaneni na wakubwa wenu, mtakuwa hai wa kugombana." Nyuma ya sauti yake ulisikia birika likichemka. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, aliujua ujumbe ule kwa moyo na aliuigiza mezani, kikohozi cha Fundi kikiwamo.

Na mtu huyo aliyemkagua kila mmoja hakukubali kukaguliwa. Hilo ndilo lililotuumiza.

Niliuona mkono wake kabla ya wengine, kwa sababu kuona mikono ya wazee ndiyo kazi yangu. Ulikuwa wa kulia. Ulitetemeka ukiwa umetulia juu ya paja, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kana kwamba anahesabu tasbihi isiyokuwapo. Akitembea, mkono wa kushoto ulipunga, wa kulia ulining'inia. Mwandiko wake kwenye vile vikaratasi alivyovifunga kwenye pikipiki ulianza kupungua ukubwa, herufi zikawa kama chawa. Chai akaanza kumimina nusu kikombe. Nilikuwa nimewahudumia wazee watatu wenye ugonjwa huo wa kutetemeka na nilijua unavyoanza.

Kwa miezi kadhaa sikusema. Kisha siku moja, Julai, nikasema.

"Fundi, mkono huo umemwonyesha daktari?"

"Ni baridi ya tao hili."

"Baridi ya Julai?"

"Kwani London ina Julai?"

Alicheka, nami nikacheka, na jambo likaishia hapo. Ningeweza kulirudia kesho yake. Sikulirudia. Alikuwa mkubwa kwangu, alikuwa mwalimu wangu, na nilijua kwamba mtu akimwambia fundi mkono wake umekwisha, amemwambia mengi zaidi ya hayo. Nikajiambia kwamba ana akili zake, atajua mwenyewe wakati wa kuacha.

Alijua. Badala ya kuacha, alijifunza kuficha. Kulikuwa na spana moja aliyoipenda kuliko zote, ya kupimia, ile ambayo bolti ikikazwa kiasi chake inalia *ka*. Zamani hakuna pikipiki iliyotoka bila mlio ule. Lakini spana ile ni ndefu, na mkono unaotetemeka ukiishika, mpini wote unacheza mbele ya watu. Akaacha kuitumia. Alikaza kwa spana fupi, kwa mkono wa kushoto, akiupa mlango mgongo.

Papa Jean alikuwa Mkongo wa Bukavu, mpeleka chakula, baba wa watoto watatu, mtu wa utani. Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa Fundi. Buti, glovu, koti lenye mistari ya kung'aa, vitu vitano kila asubuhi. Alhamisi moja alileta pikipiki yake abadilishiwe pedi za breki ya mbele. Zilibadilishwa. Breki ile inashikiliwa kwenye mguu wa mbele wa pikipiki kwa bolti mbili, na bolti hizo, zikiwa zimezungushwa mpaka mwisho, zinaonekana sawasawa zilizokazwa na zisizokazwa. Macho ya mwenye pikipiki hayawezi kujua.

Jumapili mchana, akitoka kupeleka chakula, Papa Jean aliukaribia mzunguko mkubwa wa barabara na kupunguza mwendo kama alivyofundishwa. Bolti ya chini ilikuwa imekwisha kuanguka njiani, hakuna ajuaye wapi. Ya juu ikapinda. Breki nzima ikageuka ikaingia kwenye gurudumu, gurudumu likasimama ghafla, naye akarushwa mbele. Lori lililokuwa nyuma yake lilikuwa linakwenda polepole. Dereva alishika breki, na bado halikusimama kwa wakati, likampanda mguu.

Hospitali walimkata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Jumanne polisi mmoja mwanamke alikuja gerejini na picha kwenye simu yake. Nilikuwapo, nimepitia kati ya mzee mmoja na mwingine. Alianza kueleza kwa upole, na Fundi akamkatiza kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Bolti iliyoanguka ni ya chini?"

"Ya chini."

Fundi akakaa juu ya tairi. "Ni mimi," akasema.

Polisi alimwambia asiseme zaidi kabla hajapata wakili. Fundi akaendelea kusema. Alieleza siku, saa, spana, mkono. Aliunyoosha mkono ule mbele ya yule mwanamke, akauacha utetemeke unavyotaka, mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya mtu. Treni ikapita juu. Safari hii hakunyamaza. Tuliona midomo yake inacheza na hatukusikia kitu.

Aliniomba nimsindikize hospitali. Mke wa Papa Jean alikuwa amesimama dirishani amekunja mikono, hakugeuka. Papa Jean alikuwa macho. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuliinua.

"Papa Jean, ni mimi," Fundi alisema. "Sikukaza."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilikaza, ila mkono haukuwa na nguvu, nami sikupima."

Papa Jean alimtazama mkono. "Tangu lini mukono iko hivi?"

"Mwaka. Umepita mwaka."

"Mwaka," Papa Jean alirudia. Hakupaza sauti. "Ungeniambiya, Fundi. Ningekaza miye mwenyewe, weye ukiniangalia. Kwani shida ilikuwa nini? Ungekaa pale kwa kiti yako, unanionesha: kaza hapa, kaza pale. Ningefanya. Batu yote bangefanya."

Fundi alisogea karibu na kitanda.

"Toka sasa," Papa Jean alisema, akageuza uso ukutani.

Fundi alifunga gereji wiki ile. Alimpigia kila mwenye pikipiki iliyokuwa ndani, akamwambia aipeleke kwa fundi mwingine na aseme bolti zote zikaguliwe upya. Nilidhani wateja watamlaani. Wengine walimbembeleza abaki, wakasema ndiyo mambo ya dunia, ajali haina kinga, naye Fundi hakuwa na nguvu hata ya kuweka kitu chini kwa hasira. Polisi walimhoji mara mbili, kisha wakamwandikia kwamba shauri halitapelekwa mahakamani. Alinionyesha barua ile mlangoni kwake. "Hata kushtakiwa nimenyimwa," alisema. Asubuhi ya barafu ya kwanza mwaka ule simu yangu ilikaa kimya. Binti yangu aliitazama, akanitazama, hakuigiza kitu.

Papa Jean na familia yake walihama London. Niliambiwa wamekwenda kaskazini kwa shemeji yake. Namba yake haipatikani tena.

Sasa niseme ambalo sikumwambia polisi yule, wala mke wa Papa Jean, wala mtu yeyote kwa miaka miwili.

Tangu ile Julai, kila Fundi alipoigusa pikipiki yangu, niliifikisha nyumbani nikaikaza upya. Nilinunua spana, nikafunga lango la nyuma, nikapita bolti moja moja. Mara mbili nilikuta zimelegea. Nilizikaza, nikanawa mikono, nikapika. Alhamisi ile nilikuwa gerejini, nakunywa chai, namtazama anakaza breki ya Papa Jean kwa mkono wa kushoto, na ile spana ya kupimia imetundikwa ukutani. Niliona. Nikamaliza chai, nikamuaga, nikaenda zangu. Usalama wangu nilikuwa nao nyumbani, kwenye droo.

Pikipiki niliiuza. Nilirudi kwenye basi.

Mwaka jana mwenzangu wa kazini aliniambia kuna mzee Mswahili Croydon, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, aliyekuwa fundi pikipiki. Nilichukua treni, nikachukua tramu, nikatembea kando ya majengo marefu ya ofisi nikipanga maneno. Nilimkuta kwenye kiti chenye magurudumu, karibu na kipasha joto. Alikuwa amekonda. Uso ulikuwa umekakamaa, ugonjwa ule huiba uso, huwezi kujua mtu amefurahi au amekasirika. Mikono yote miwili ilitetemeka sasa.

"Shikamoo, Fundi."

Alichukua muda. "Marahaba, mama." Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu. Ilibidi niinamishe kichwa.

Nilimwambia yote. Spana, lango la nyuma, bolti mbili zilizolegea, chai ya Alhamisi. Nilisema haraka kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea. Nilipomaliza nilidhani hajasikia.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Spana yako ilikuwa kubwa kidogo. Ilikwangua pembe za bolti. Kila ulipoleta pikipiki, niliona kuna mtu amepita nyuma yangu."

"Mbona hukuniuliza?"

Midomo yake ilihangaika kuyatafuta maneno. "Niliogopa utanijibu."

"Na mimi niliogopa kukuvunjia heshima."

"Heshima," alisema. Alipumzika, akavuta pumzi. "Sote wawili tulijua. Yeye peke yake ndiye hakujua."

Mhudumu aliingia na sinia: viazi vilivyopondwa, mchuzi, kijiko kipana. Nilimwambia aniachie, hii ni kazi yangu, nimeifanya miaka. Nilisogeza kiti, nikamwekea Fundi kitambaa kifuani, nikapoza kijiko na kukipeleka mdomoni. Alifunga mdomo. Nilingoja kidogo, nikajaribu tena, kama tunavyofundishwa, bila kulazimisha. Aliendelea kuufunga. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, na uso ule haukuniambia kitu.

Mhudumu alirudi akakuta chakula kimeanza kupoa. Alinitabasamia, akachukua kijiko mkononi mwangu. Fundi akafungua mdomo, akala.

Nilisimama hapo mpaka alipomaliza. Kisha nikavaa koti, nikaenda kungoja tramu.